Neno "charge" na mizigo yake

Siku ya nne baada ya shangazi kufanyiwa upasuaji wa kidole tumbo, tulimkuta baba mdogo amesimama kando ya kitanda, miwani imeshuka puani, ameshika faili la mgonjwa. Alisoma kimya kwa muda, kisha akatutangazia: "Leo hatoki, na kesho hatoki. Wameandika hapa, discharge, nil. Yaani kuruhusiwa hakuna."

Shangazi akaanza kulia. Binti yake akatoka koridoni kupiga simu, wasije na gari. Nesi aliyekuwa kitanda cha pili akasikia, akaja, akalichukua faili na kucheka hadi akashika ukingo wa kitanda. "Baba, hapo tumeandika hali ya kidonda. Hakitoi usaha wala majimaji. Habari ya kuruhusiwa iko huku chini." Akamwonyesha mstari wa mwisho wa karatasi ileile: "date of discharge", na mbele yake tarehe ya kesho.

Baba mdogo si mtu wa kubahatisha Kiingereza. Kosa lake lilikuwa kuamini kwamba neno likishaonekana mara mbili kwenye karatasi moja, lazima liwe na kazi moja. Na wala hayuko peke yake. Kila baada ya muda inakuja habari kwamba mshtakiwa fulani amekuwa "discharged", watu wanapongezana kwenye makundi ya WhatsApp kwamba ameachiwa huru, na kabla jua halijazama yuko tena mikononi mwa polisi. Zogo linaanza: mahakama imedharauliwa! Mara nyingi haijadharauliwa. Neno ndilo lililosomwa vibaya.

Kwa hiyo tulifungue neno lenyewe, "charge", pamoja na kinyume chake, "discharge". Ukifungua kamusi ya Kiingereza utakuta "charge" ni kushtaki, kutoza, kuchaji, kukabidhi, kushambulia, na bado ukurasa haujaisha. Anayejifunza lugha akiona orodha ya namna hiyo hukata tamaa, akadhani Waingereza walirusha kete. Hawakurusha. Karibu maana zote hizo zimetoka kwenye tendo moja ambalo kila aliyewahi kupita Kariakoo amelishuhudia: kupakia mzigo.

Warumi waliwahi kulichukua kutoka kwa Waselti neno "carrus", gari la magurudumu la kukokotwa. Kilatini cha baadaye kikalifanya kitenzi, "carricare", yaani kupakia gari hilo. Wafaransa wakalitamka kwa namna yao, na kufikia karne ya 13 lilikuwa limeshaingia Kiingereza likiwa "charge". Msomaji wa Bukavu au Lubumbashi aliyesomea Kifaransa hashangai hata kidogo, maana kwake "charger" ni kupakia lori mpaka leo. Ndugu zake neno hili wametapakaa: "cargo" ni shehena, "carry" ni kubeba, na hata "caricature" limetoka kwenye Kiitaliano cha kupakia, yaani picha ya mtu iliyopakiwa pua na masikio kupita kiasi. Sisi tungesema imetiwa chumvi.

Nipachike hapa jambo moja, kwa sababu najua kuna atakayelisema: hapana, "gari" letu halikuzaliwa na "car". Lilivuka bahari kutoka India, na huko bado lipo. Kufanana kwa sauti si undugu.

Sasa "discharge". Kile kipande cha mbele, "dis-", kinafanya kazi ambayo sisi tunaifanya kwa irabu moja tu: funga, fungua; ziba, zibua; pakia, pakua. "Charge" ni pakia, "discharge" ni pakua. Meli bandarini Mombasa ina-discharge shehena, hapo maana iko wazi kabisa. Kidonda kinapakua usaha. Jeshi linampakua askari aliyemaliza mkataba. Bunduki inapakua risasi. Betri inapakua umeme. Hospitali inampakua mgonjwa, ingawa sisi kwa adabu tunasema ameruhusiwa. Baba mdogo alikuwa ameshika karatasi yenye mipakuo miwili: mmoja wa kidonda, mmoja wa mwenye kidonda.

Mzigo wa kwanza kuhamishwa kutoka kwenye mkokoteni kwenda kwenye bega la mtu ni wajibu. Anayebeba dhamana ya mahali yuko "in charge". Kwetu neno hilo limekuwa cheo kamili. Kwenye zahanati nyingi utasikia "nenda kwa inchaji", na inchaji ni mtu mwenye meza na muhuri. Kiswahili sanifu kina neno lake zuri zaidi, mfawidhi: mganga mfawidhi, hakimu mfawidhi, jaji mfawidhi. Limetoka kwenye Kiarabu cha kukabidhi madaraka. Nasikitika kwamba limebaki kwenye vibao vya ofisi tu, maana linasema kitu ambacho "mkuu" na "bosi" havisemi: kwamba mamlaka haya umekabidhiwa, si yako.

Jihadhari hapa na mtego mdogo. "The nurse is in charge of the child" maana yake nesi ndiye msimamizi wa mtoto. "The child is in the charge of the nurse" maana yake mtoto yuko chini ya nesi. Kineno "the" kimeingia katikati, na aliyebeba amegeuka kuwa anayebebwa. Na ukisoma hadithi ya Kiingereza ukakutana na yaya "and her charges", usitafute kesi wala ankara. Hao ni watoto anaowalea.

Mahakamani ndipo neno hili linapoumiza watu, kwa hiyo tukae hapo kidogo.

Kumshtaki mtu kwa Kiingereza ni kumpakia kosa. Angalia vitenzi vinavyoandamana nalo: mashtaka huletwa, huwekwa, huwa mazito, huangushwa. Mtaani kwetu tumefika palepale bila kufundishwa na Mwingereza: "amebebeshwa kesi", "ametwishwa lawama". Hivyo "charged with theft" ni kwamba ametwishwa rasmi shtaka la wizi, limeandikwa kwenye hati ya mashtaka, na atasomewa. Hapo hajaonekana na hatia.

Maneno yanayodhaniwa kuwa visawe vya "charge" mahakamani yanasimama kwenye ngazi tofauti za njia moja. "Suspect" ni mtuhumiwa: anashukiwa, labda amehojiwa. "Accuse" ni kumlaumu mtu kwamba ametenda, jambo ambalo hata jirani anaweza kulifanya akiwa kibarazani na kanga yake. "Charge" inahitaji mamlaka: mtu sasa ni mshtakiwa. "Convict" ni pale mahakama inapomtia hatiani. "Sue" iko njia nyingine kabisa, ni kudai kwenye kesi ya madai, na huko hakuna wa kufungwa kwa wizi. Gazeti linaloandika "mtuhumiwa" kwa mtu aliyekwisha kusomewa mashtaka limechelewa ngazi moja. Linaloandika "mwizi" limeruka ngazi zote na linaweza kujikuta lenyewe kwenye hiyo njia ya "sue".

Turudi kwa yule aliyekamatwa tena nje ya mahakama. Kiingereza cha sheria kina maneno mawili ambayo sisi, kwa haraka ya habari, tunayafungia kwenye fungu moja la "kuachiwa huru". La kwanza ni "acquitted": mahakama imeamua kwamba hana hatia. Mzigo umechomwa moto. Hawezi kutwishwa tena kosa lilelile kwa jambo lilelile. La pili ni "discharged": mzigo umeshushwa. Uko chini, pembeni ya barabara, na upande wa mashtaka unaweza kuuokota ukarudi nao.

Nchini Kenya, Sheria ya Mwenendo wa Jinai, kifungu cha 87, inaonyesha tofauti hii waziwazi. Upande wa mashtaka ukiondoa kesi kabla mshtakiwa hajatakiwa kujitetea, mshtakiwa anakuwa "discharged", na hilo halizuii kumshtaki tena kwa mambo yaleyale. Ukiiondoa baada ya yeye kutakiwa kujitetea, anakuwa "acquitted". Kesi ileile, mshtakiwa yuleyule. Kinachoamua ni wakati. Tanzania nako Mkurugenzi wa Mashtaka ana uwezo wa kuiambia mahakama kwamba Jamhuri haina nia ya kuendelea na shauri. Mshtakiwa anaachiliwa, lakini sheria inasema kuachiliwa huko si kizuizi cha kumfungulia mashtaka baadaye. Ndiyo maana unaweza kumwona mtu anatoka kizimbani akipunga mkono na dakika chache baadaye anapandishwa gari la polisi. Kama utaratibu huo ni wa haki au la, hilo ni suala jingine, na watu wana sababu ya kulilalamikia. Ila anayesema "mahakama ilimkuta hana hatia na bado wamemkamata" amesimulia kesi ambayo haikutokea.

Pendekezo langu kwa wanahabari ni dogo. Kwa "discharged" andika "amefutiwa mashtaka" au "mashtaka yameondolewa". Neno "hana hatia" mwekee aliye "acquitted" peke yake.

Kesho yake tulipokwenda kumchukua shangazi, dirisha la malipo lilitupa karatasi yenye maneno "total charges". Baba mdogo aliitazama, akanisogezea bila kusema neno.

Hapo mzigo ni wa fedha. Mtoa huduma anakutwisha kiasi fulani, nawe huendi mpaka uutue. Kiswahili cha mjini kimelipokea neno hili moja kwa moja: "fundi kanichaji elfu ishirini". Halina ubaya. Tatizo linakuja mtu anapolirudisha kwenye Kiingereza na kusema "this shirt charges ten thousand". Shati halikutwishi kitu, anayekutwisha ni muuza shati. "Cost" hutumika kwa kitu: ni kile kinachotoka mfukoni mwako. "Price" ni namba iliyo kwenye kitu, bei. "Charge" ni tendo la mtu. Muuzaji anaweka "price", anaku-"charge", nawe unaona "cost".

Kisha kuna ukoo mzima wa malipo, na hapa nitajivunia kidogo, kwa sababu Kiswahili kina jina kwa kila mmoja wao. "Fare" ni nauli. "Fee" ni ada, na kwa shule Wakenya wana karo. "Rent" ni kodi ya nyumba. "Fine" ni faini. Malipo ya mlangoni mwa uwanja wa mpira ni kiingilio, neno ambalo Kiingereza kinahitaji mawili kulifikia. "Levy" ni tozo, neno lililokuwa limejikalia kwenye nyaraka mpaka Julai 2021, serikali ya Tanzania ilipoanza kukata tozo kwenye miamala ya simu. Ndani ya wiki moja hakuna mama ntilie asiyelijua. Kabla ya hapo wengi walikuwa na neno moja tu kwa kila kinachopungua kwenye salio: makato. Baada ya hapo watu walijifunza kutenganisha, kwa uchungu, kile kinachochukuliwa na kampuni ya simu na kile kinachochukuliwa na serikali. Kiingereza kingeweza kuviita vyote viwili "charges", na pengine ndiyo sababu ujumbe wa Kiingereza kutoka benki haukusaidii kujua nani amekukata.

Kuna "charge" moja ya fedha ambayo si malipo kabisa, na inawagharimu watu ardhi. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 inatumia "charge" kwa kile ambacho wengi wanakijua kama rehani: hati yako imewekwa dhamana benki. Ukipekua rejista ukaona shamba unalotaka kununua lina "charge", usidhani ni ada ndogo ya ofisini ambayo muuzaji ataimaliza Jumatatu. Ni mzigo uliokaa juu ya ardhi yenyewe, na ukiinunua ilivyo, umenunua na mzigo. Unaposhuka, mkopo ukiisha, hati inayosajiliwa huitwa, bila shaka umekwisha kukisia, "discharge of charge".

Simu je? Njia yake imepitia kwenye bunduki. Kabla ya risasi za kisasa, mpiga bunduki alipakia baruti kwa kipimo, na kipimo hicho kiliitwa "charge". Katika miaka ya 1740 Benjamin Franklin, huko Philadelphia, alikuwa akifanya majaribio ya umeme kwa vyombo vya kioo vilivyoweza kuuhifadhi na kuuachia kwa mshtuko mmoja. Kitu kinachojazwa taratibu kisha kinalipuka kwa mara moja: yeye na wenzake wakaazima lugha ya askari. Kujaza umeme kukawa "charge". Vyombo kadhaa vikiunganishwa pamoja, Franklin akaviita "battery", jina la kundi la mizinga lililopangwa mstari mmoja. Kwa hiyo kila unapomwambia mtu "betri yangu haina chaji", unasema, kwa asili ya maneno, kwamba mizinga yako haina baruti.

Na hapa kuna jambo lililonifurahisha kuliko yote. Neno letu shehena tumelipata kwa Waarabu, kwenye mzizi wao wa kupakia. Muulize ndugu yako aliyeko Muscat au Dubai chaja ya simu inaitwaje kwa Kiarabu: "shahin". Lori ni "shahina". Mzigo unaosafirishwa ni "shahna", na chaji ya umeme katika fizikia ni neno la mzizi uleule. Kiarabu kimepita njia ileile, kutoka mzigo wa chombo hadi umeme wa simu. Sisi tulikuwa na shehena mkononi siku zote, tukaenda kuazima chaji.

Imebaki maana moja inayoonekana kama mtoto wa kambo: kushambulia. Tarehe 25 Oktoba 1854, huko Balaclava katika rasi ya Crimea, zaidi ya wapanda farasi 600 wa Uingereza walikimbia moja kwa moja kuelekea mizinga ya Warusi, na Waingereza hawajaacha kulizungumza tendo hilo kwa jina la "charge". Mzigo uko wapi? Njia rahisi ya kuuona ni kumwangalia mbuzi dume au faru: anainamisha kichwa na kukutupia uzito wake wote. Wewe ndiwe unayepakiwa.

Wengine watasema lugha yenye neno moja kwa kazi kumi ni lugha maskini. Waulize wanapigaje simu, pasi, picha, mswaki, kura na kelele. "Piga" yetu haina tofauti na "charge" yao, na wala hizo si kubwa: kamusi kuu ya Oxford imelipa "run" zaidi ya maana 600 kwa upande wa kitenzi tu. Jambo hili ni tofauti na "kaa", ambapo kaa wa pwani, kaa la moto na kaa kitako ni watu watatu wasiojuana waliopewa jina moja. "Charge" ni mtu mmoja mwenye kazi nyingi.

Kinachokuonyesha yuko kazi gani ni kineno kinachomfuata. "Charge with" ni mahakama. "Charge for" ni fedha. "Charge to" ni andika kwenye deni la fulani. "Charge at" ni kimbia. Mwanafunzi akikariri vineno hivi vinne na kuachana na orodha ya maana kumi, atakuwa amefika mbali.

Shida ni kwamba vichwa vya habari huvila vineno hivyo ili kubana nafasi. "Police charge students." Je, polisi wamewashtaki wanafunzi au wamewavamia? Kichwa chenyewe hakisemi, na Mwingereza naye hajui. Nimeshaona kikitafsiriwa kwa namna zote mbili, na nusu ya wasomaji wakapelekwa mahakamani huku wengine wakikimbizwa barabarani. Shuka aya ya pili. Ukikuta hakimu, dhamana na tarehe ya kutajwa, tafsiri "wamewashtaki". Ukikuta virungu na moshi, tafsiri "wamewavamia". Na ukikuta vyote, basi walivamiwa asubuhi na kushtakiwa jioni, na mwandishi wa kichwa cha habari hakukosea.